Ubongo Tuliomnunulia Papa

Nyuma ya duka la dawa ninakofanya kazi kuna mafundi wa mota za umeme. Siku wakisugua shaba kwa msasa na maji, harufu yake hupita chini ya mlango na kuja kukaa kati ya masanduku ya dawa. Ni harufu kali kidogo, kama ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Wenzangu hufungua dirisha. Mimi huiacha iingie. Hunirudisha Lubumbashi, mtaa wa Katuba, kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, wakati nilipokuwa nimejua kusoma lakini sijajua bado kusikiliza, nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba dada yangu alikuwa anatafuta sokoni ubongo wa kumwekea baba yetu.

Lazima nieleze kwanza Papa, baba yetu, alikuwa mtu gani. Alikuwa mtu wa njanja, ndivyo tunavyoiita reli huku kwetu. Babu alishuka kutoka Mitwaba kuja kuitandika, na Papa akaja kuzitengeneza injini zake. Wakati huo alikuwa mtu wa maneno mengi. Alirudi kutoka karakana na mafuta kwenye kope, akaanza kusimulia tangu langoni, na Mama alikuwa akimwambia avue viatu kwanza, hadithi haitakimbia.

Kisha asubuhi moja ya Jumapili, akijiandaa kwenda misa, alishindwa kufunga kifungo cha shati. Alikitazama kile kifungo kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. Mama alimuuliza ana nini, naye akajibu kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Walimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Aliporudi, baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko likizo kubwa, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yanamtoka moja moja, kwa kusukumana, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba.

"Bongo ya papa yenu iliguswa," Mama alituambia. "Damu ilikatala kupita. Itarudia polepole."

Haikurudia upesi. Wageni walikuja kumwona, na kila alipoanza sentensi walimmalizia, kwa huruma, na mara nyingi walimmalizia vibaya. Papa alikuwa akitikisa kichwa, anakubali tu ili waondoke. Mwishowe akaacha kuanza. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake sebuleni, ameugeukia ukuta wenye kalenda ya parokia, na mchana unapita mbele yake.

Kilichoniuma mimi zaidi ni jina. Papa alikuwa ananiita Umba. Umba ni dada yake mdogo aliyebaki Mitwaba. Mimi ni Ngoie, kitinda mimba wake, niliyekuwa nikipanda mgongoni mwake bila kuomba ruhusa. Alikuwa ananitazama usoni, macho ni yale yale, kisha anasema, "Umba, leta maji." Mama alinikataza kumsahihisha. Basi nilileta maji, nikasimama karibu naye akinywa, nikingoja kuona kama maji yatamkumbusha.

Dada yangu Nadège, niliyemwita Yaya Nadège, alikuwa anamaliza chuo cha ujenzi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchora soko lenye paa kubwa la kupitisha hewa, na walimu wake walitaka picha ya soko hilo lilivyo baada ya kujengwa, na jua na vivuli vyake, kama picha iliyopigwa. Picha ya namna hiyo inatengenezwa na kompyuta. Yaya alikuwa nayo moja, ameiunganisha mwenyewe vipande kwa vipande, haina hata ubavu mmoja, matumbo yote nje. Ilipaswa kuhesabu mwanga nukta kwa nukta, na picha ilikuwa ikishuka kwenye kioo mstari kwa mstari kama mtu anayeshusha pazia pole pole.

Shida ilikuwa umeme. Kwetu courant ilikuwa inaingia adhuhuri na kuondoka jua linapozama, na mashine ile haikuwa imewahi kufika mwisho wa picha kabla haijakatwa. Ilimaliza anga, ikamaliza paa, ikafika kwenye nguzo, kisha kioo kikazimika. Kesho yake ilianza tena kutoka angani. Yaya Nadège hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa anakaa tu mbele ya kioo cheusi, mikono kwenye magoti. Siku ya kupeleka picha ilikuwa inakaribia, na asiyepeleka angerudia mwaka mzima. Na nyumbani hapakuwa na mwaka mwingine wa kumlipia.

Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nachambua mchele, nikamsikia anazungumza na Mama.

"Bongo ya kale haiwezi tena," alisema. "Inachoka, inafika katikati inasimama. Tutatafuta ingine."

"Ya mupya?"

"Ya mupya tutaitoa wapi? Tutapata ya okazyo kwa Mama Kavira. Hata ikuwe ya zamani, bora ikuwe ile inaweza kusukumwa."

"Na papa yenu?"

"Nilishamuambia. Atakuya na siye, aone yeye mwenyewe."

Mwiko wa Mama ulisimama ndani ya sufuria. "Muende naye polepole," akasema.

"Ni kazi ya kidogo, Mama. Unafungua, unatoa ile ya kale, unaweka ingine, unafunga."

Leo najua kwamba Yaya alikuwa anasema juu ya prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na kwamba alitaka Papa aende ili tu atoke nje ya nyumba. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na ubongo mmoja tu ulioguswa. Nilibaki na punje za mchele mkononi, nimeshindwa kuzitupa wala kuzirudisha.

Okazyo nilikuwa naijua vizuri. Kila kitu chetu kilikuwa cha okazyo, kimetumiwa na mtu mwingine kabla yetu. Viatu vyangu vilikuja na umbo la miguu ya mtoto mwingine. Koti la Mama lilikuja na tiketi ya basi ya mji tusioujua, mfukoni. Nikawaza kwamba ubongo wa okazyo nao utakuja na vitu mfukoni, majina ya watoto wengine, nyumba nyingine, mke mwingine. Papa angeamka akiwa mzima, mwenye maneno mengi kama zamani, na asingenijua kabisa. Angalau sasa alikuwa ananiita Umba. Umba alikuwa mtu wa kwetu.

Nilimwendea kwenye kiti chake. "Papa, itakuuma?"

Sijui alifikiri nini. Labda aliwaza safari ya sokoni na mguu wake uliokuwa unaburuta kidogo. "Kidogo," akajibu.

"Na hauogope?"

Alifikiri sana. "Kidogo," akasema tena.

Tulikwenda asubuhi, sisi watatu, Papa katikati. Mama Kavira alikuwa na depo yake karibu na soko la Njanja. Alikuwa Mnande, wa kabila la watu wa Butembo, mwanamke mwenye mwili na sauti ya chini, anayeuza kwa jumla kompyuta zilizotumika, zinazofika ndani ya kontena. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya minara ya vioo vya zamani, kitenge chake kimefungwa imara, kama mtu anayelinda mlango wa mji. Alimsalimia Papa kwanza.

"Papa, karibu. Safari ilikuwa muzuri?"

Papa alifungua mdomo. Neno halikuja. Yaya Nadège alivuta pumzi ili amjibie, lakini Mama Kavira hakumtazama Yaya, alikuwa anamtazama Papa tu, anangoja, wala haonyeshi kwamba anangoja. Alikuwa amezoea kungoja. Katika biashara ya jumla, alinieleza nilipokuwa mkubwa, anayesema upesi ndiye anayepoteza.

"Muzuri," Papa akasema mwishowe. "Jua... tu."

"Ah, jua ya huku ni kali. Mukae."

Alivuta kopo la biskuti kutoka chini ya meza. Ndani yake, kwenye vipande vya sponji, mlikuwa na bongo kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa, chenye unyevu, kama ubongo wa mbuzi kwenye meza ya mchinjaji. Vilikuwa vipande vidogo vya mraba, vyepesi kama sabuni iliyokaribia kuisha. Chini vilikuwa na miguu mingi ya rangi ya dhahabu, myembamba kama sindano, na juu, katikati, jiwe jeusi linalong'aa, dogo kuliko ukucha wa Papa. Nilimtazama Papa kichwani. Niliona ajabu kwamba maneno yote yale ya zamani, karakana, treni, babu, Mitwaba, yalikuwa yamekaa ndani ya kitu kidogo namna hii.

"Carte mère yangu ni ya kale," Yaya Nadège alimwambia. Alikuwa anasema juu ya ule ubao mkubwa ambao prosesa inakaa juu yake. "Inapokea tu za jamaa hii. Na natafuta yenye nitasukuma."

"Kusukuma namna gani?"

"Kuipandisha mbio kupita ile bali­iandikia ku kiwanda."

Mama Kavira aliinua nyusi, lakini alitoa tatu, akaziweka kwenye kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa imeandikwa mwendo mkubwa kuliko zote, na macho ya Yaya yaliwaka. Papa alinyoosha mkono wa kushoto. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaiinamisha huku na huku, jicho moja limefumba, vile nilivyokuwa nikimwona akitazama vyuma zamani. Alitazama muda mrefu mpaka mtu mwingine angechoka.

"Pembe," akasema.

Yaya alisogea. Kona moja ya lile jiwe jeusi ilikuwa imebanduka, kidogo tu, kama sahani iliyogongwa.

"Inawaka, nilijaribu mwenyewe," Mama Kavira alisema bila kukasirika. "Lakini pembe, ni kweli."

"Kuwaka itawaka," Yaya alisema. "Lakini nikifunga radiateur ya kuipooza juu yake na nguvu, na joto inapanda, itapasuka." Akairudisha.

Ya pili aliigeuza chini mwenyewe. Miguu kadhaa ilikuwa imepinda na kunyooshwa tena, na katikati yao kulikuwa na doa la kahawia. "Hii ilishaungua siku moja," akasema. "Iko nasema uongo tu kama iko muzima." Akaipumzisha kando.

Ya tatu ilikuwa na mwendo mdogo kuliko zile mbili, na vumbi juu yake. Yaya aliipuliza, akasoma mstari wa pili wa herufi, akausoma tena kwa sauti ndogo. Alikuwa amejifunza herufi hizo kwenye cyber, kutoka kwa watu wa nchi za mbali waliokuwa wakiandikiana juu ya mashine zao: zile zilizotoka kiwandani siku fulani, kama watoto wa tumbo moja, zilikuwa ngumu kuliko ndugu zao, na kiwanda kikaziandikia mwendo mdogo kwa sababu wateja walikuwa wanataka za bei ndogo.

"Hii, bali­iandikia mbio kidogo," alimwambia Papa, "lakini iko na nguvu yenye hawakuandika."

Papa aliishika. Akatazama pembe zote nne. Akampa Yaya tena, akakubali kwa kichwa.

Mimi nikasogea mpaka kwenye kitambaa. "Mama Kavira," nikauliza, "ilikuwa ya nani?"

"Ya bureau moja ya Belgique, mama. Ilikuya ndani ya kontena."

Ofisi ya Ubelgiji, nikawaza. "Inajua Kiswahili?"

Yaya alicheka, lakini Mama Kavira hakucheka. Alinitazama kama anavyomtazama mteja. "Itajua ile weye utaifundisha," akasema.

Nilishikilia neno hilo njia yote ya kurudi. Papa alikuwa ameitia ile prosesa, ndani ya sponji yake, kwenye mfuko wa shati, na alitembea na mkono wake mzuri juu ya mfuko. Mama Kavira alikuwa ametuongezea radiateur ya mashine iliyokufa, pande la shaba lenye mapezi, la kukaa juu ya prosesa na kuondoa joto lake.

Lile pande la shaba ndilo lililomwamsha Papa. Yaya alikuwa anataka kulifunga jioni ile ile. Papa aliliomba, akaweka rula juu ya uso wake wa chini, akaliinua kwenye mwanga. Chini ya rula ilipita nuru nyembamba kama uzi.

"Hapana," akasema. "Haiko... sawa. Kioo. Leta kioo."

Yaya alitoa kioo cha picha ya harusi ya shangazi, akakilaza mezani uani. Juu yake waliweka msasa na maji. Papa aliweka mkono wa kulia, ule uliolala, juu ya shaba, na mkono wa kushoto juu ya wa kulia, akaanza kusugua, anazungusha taratibu kama anayeandika nane. Hospitali walikuwa wamempa mpira wa kuminya kila siku, naye alikataa, na mpira ule ulikuwa umeishia kwangu. Lakini hili hakulikataa. Kila asubuhi alikuwa uani. Maji ya rangi ya waridi yalitiririka mezani, harufu ya shaba ikajaa nguo zake, na mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namtazama. Siku za mwanzo mkono wa kushoto ndio uliofanya kazi na wa kulia ulipelekwa tu kama abiria. Baadaye nikaona vidole vyake vya kulia vinakaza. Mama aliona pia. Alipita na beseni lake la unga, akasimama, akaendelea na njia yake, akaenda kulia jikoni, nilimsikia.

Shaba ilipokuwa kioo, Papa alijitazama ndani yake. Kisha akainamisha ili na mimi nijione.

Baada ya misa ya Jumapili iliyofuata, Yaya Nadège alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya sebuleni, chini ya dirisha. Nilijua siku imefika. Papa alikuwa kwenye kiti chake, karibu kabisa na meza. Mama alikuwa anavua kitambaa cha kichwa mlangoni.

"Ngoie," Yaya akasema, "leta crayon yako ya masomo."

Nilileta penseli. Aliichonga kwa wembe mpaka ncha yake ikawa kali kama mwiba. Akanieleza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hakuweza kufanya kitu bila kukieleza: juu ya prosesa kulikuwa na nukta za dhahabu, mbili mbili, na kati yao kiwanda kilikuwa kimekata njia, ili mtu asiweze kuipandisha mwendo. Risasi ya penseli inapitisha umeme. Ukichora mstari mdogo kutoka nukta hadi nukta, njia inafunguka.

Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba sasa tutaandika ndani ya ubongo.

"Yaya," nikasema, "andika jina yangu."

"Wapi?"

"Apo. Ku bongo."

"Juu ya nini?" akaniuliza sababu.

"Juu Papa asinisahau. Ile ni ya Belgique, hainijue."

Penseli ilisimama hewani. Yaya alinitazama, akamtazama Papa, akanitazama tena, na niliona uso wake unavyorudi nyuma, jikoni, sokoni, akikusanya kila nilichosikia.

"Ulikuwa unaona ni ya Papa," akasema kwa sauti ndogo.

"Si mulisema mutafungua, mutatoa ya kale, mutaweka ingine." Nikaanza kulia, maana sura zao zilinionyesha kwamba nimekosea, na kama nimekosea basi hakuna ubongo mwingine, na Papa atabaki vile alivyo.

Hakuna aliyecheka. Papa aliniita kwa mkono. Nilikwenda nikasimama kati ya magoti yake.

"Umba," akasema. Alifumba macho, akatikisa kichwa, amekasirika na mdomo wake. "Um..." Akaacha. Alipumua. Mama alifungua kinywa ili amsaidie, na Papa akamwinulia kiganja, asubiri.

"Jina," akasema, "njo... inakimbia. Weye, hapana. Weye nakujua." Akanishika bega kwa mkono wa kulia, mzito, usio na uhakika. "Weye ulizaliwa... mvua. Mvua mingi. Bati ya jikoni... ilipaa. Ilianguka kwa... jirani. Miye nilienda... kuitafuta. Nikarudia na bati... ku kichwa. Nikakusikia... unalia." Aliinua mkono wa kushoto. "Nikatupa bati."

Tangu hospitali hakuwa amesema maneno mengi kama hayo mfululizo. Yalichukua muda mrefu, na kati ya neno na neno ulisikia kuku wa jirani na redio ya nyumba ya mbele, na hakuna mtu aliyemmalizia hata neno moja. Hadithi ya bati sikuwahi kuisikia. Mama alisema baadaye kwamba yeye naye hakuijua. Alidhani bati lililetwa na jirani.

Tangu siku hiyo Papa aliniita Umba siku nyingine, na siku nyingine Ngoie lilimjia bila kutafutwa, nami nikaitika yote mawili.

"Maliza," Papa akamwambia Yaya pale pale mezani. "Chora."

Alichora. Mistari ilikuwa midogo kiasi kwamba nilizuia pumzi nisije nikaipeperusha. Aliweka prosesa mahali pake, akapaka uji mweupe wa kupitisha joto, na Papa akashikilia shaba wakati Yaya anafunga chuma chake, upande huu na upande ule kwa zamu, pasipo kukandamiza pembe. Courant ilipoingia, mashine ikawaka.

Walianza kuipandisha. Yaya anaongeza kidogo, anaiwasha upya, wanatazama kama inasimama imara, wanatazama joto, anaongeza tena. Papa alikuwa amesogeza kiti, kiganja chake juu ya mapezi ya shaba. Kila mara Yaya alipomgeukia, alisema, "Ongeza." Mwendo ulioandikwa ulikuwa umepitwa mbali. "Ongeza," akasema tena, na macho yake yalikuwa ya mtu wa karakana. Yaya akaongeza. Kioo kikawa cheusi, feni ikazunguka bila kazi, na hapakuwa na kitu.

Papa aliondoa mkono kama aliyeungua. Niliona hofu yake, kwamba ameua kazi ya mtoto wake.

"Haikufa, Papa," Yaya akasema. "Ilikuwa mingi tu." Alitoa betri ndogo kwenye ubao, akangoja, akairudisha, na mashine ikaamka kwenye mwendo wake wa kiwandani kana kwamba haikumbuki kilichotokea. Wakapanda tena, na safari hii walisimama ngazi moja chini ya pale ilipozimikia.

"Apa," Papa akasema. "Apa tu."

Siku ya picha ilikuwa kabla tu ya mvua za kwanza, wakati jua la Lubumbashi linawaka juu ya bati na vumbi jekundu linakaa hewani bila kushuka. Ndiyo siku mbaya kuliko zote za kusukuma mashine. Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya kupeleka kazi chuoni. Courant iliingia ikiwa imechelewa kidogo, Yaya akabonyeza, na pazia likaanza kushuka. Anga. Ukingo wa paa.

Saa za alasiri joto la mashine lilianza kupanda, na isingewezekana kupunguza mwendo bila kuizima na kuanza upya. Mama alilowesha vitenge viwili, akavitundika dirishani ili hewa inayoingia iwe ya baridi. Mimi nilipewa kazi ya kuvilowesha tena vinapokauka. Yaya hakukaa. Alitembea kutoka mlangoni hadi mezani, anarudi. Papa tu ndiye aliyekuwa ametulia, mkono kwenye shaba, anasikiliza feni kwa kichwa kilichoinama.

"Itashika?" Yaya akamuuliza, yeye aliyekuwa akijua namba zote.

Papa alisikiliza. "Sijui," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini... haijalalamika."

Paa lilimalizika. Nguzo zikaanza, zile nguzo ambazo tulikuwa tumezoea kuziona zikikatika, na pazia likazipita. Sakafu ikatokea. Vivuli vya nguzo vikalala juu ya sakafu, virefu, vya jioni, na nje vivuli vya nyumba yetu vilikuwa virefu vile vile. Mstari wa mwisho ulipofika chini, Yaya alihifadhi picha, akaichoma kwenye CD, akaitoa CD, akaishika kwa mikono miwili, na ndipo akakaa sakafuni.

Papa aliendelea kutazama kioo. Soko lilikuwa zuri sana, kubwa, lenye hewa, na jua linaingia kutoka ubavuni.

"Muzuri," akasema. Kisha akasogeza uso karibu. "Batu... beko wapi?"

Yaya aliinua kichwa. Hakuwa ameweka mtu hata mmoja.

"Papa, batu tukiweka, tutafika Noeli," akajibu, na alianza kucheka pale pale sakafuni, Mama akacheka, na Papa akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho ugonjwa haukukigusa. Tulikuwa bado tunacheka courant ilipoondoka.

Yaya Nadège alipata diploma yake. Baada ya mvua kumalizika alipata kazi kwa mjenzi mmoja kule Kolwezi, akafunga sanduku. Kompyuta aliiacha nyumbani, maana huko wangempa nyingine. Siku ya kuondoka kwake, gari likiwa linangojwa, Papa alimwita kwenye meza.

"Irudishe," akasema. "Mbio ya zamani."

"Juu ya nini, Papa? Iko natembea muzuri."

"Ilifanya kazi." Aliweka mkono juu ya mapezi, yaliyokuwa ya moto hata wakati wa kusubiri tu. "Sasa hakuna mutu... anakimbizana na courant. Iache ipumuzike."

Yaya hakubishana. Aliweka sanduku chini, akakaa kwa mara ya mwisho kwenye kiti chake, akaishusha mpaka mwendo ule ule uliokuwa umeandikwa juu yake kiwandani. Feni ikapunguza sauti mpaka karibu isisikike. Akambusu Papa kwenye paji la uso, akatoka.

Gari lilipoondoka, courant ikiwa ndiyo kwanza imeingia, Papa aliniita nikae naye. Kulikuwa na mchezo wa karata ndani ya mashine. Alishika kile kipanya kwa mkono wake wa kulia, akaanza kuzivuta karata moja moja, nyekundu juu ya nyeusi. Nyingine zilimponyoka njiani na kurudi zilikotoka, akazifuata tena. Mashine ilikuwa pole, Papa alikuwa pole, na mchana wote ulikuwa mbele yetu, hatungoji kitu.